Mtu Aliyekaa Ndani ya Kioo

Televisheni ya Bi Zuhura ililetwa kwangu Gede siku ya nne baada ya mwenyewe kuzikwa. Aliileta mwanawe, Saidi, ambaye siku hizi ni mzee wa kutembelea mkongojo. Ilikuja nyuma ya tuktuk, imefungwa kwa leso mbili kama mtoto mchanga. Nilikuwa mlangoni nachambua mbaazi. Saidi hata chai hakutaka. "Dama," akaniambia, "mama aliacha neno. Televisheni hii ni yako. Na koti hili la marehemu baba pia ni lako." Nikamuuliza, "Saidi, televisheni sawa, lakini koti la nini? Mimi kwenu nilikuwa mkuna nazi." Akasema, "Mimi pia nilimuuliza. Akanijibu, mpe tu." Nilipolishika lile koti, la kijivu, zito, la kitambaa cha zamani kisichochakaa, nililiweka chini haraka, nikarudi kwenye mbaazi. Kati yangu na koti hilo kulikuwa na jambo ambalo sikumwambia mtu kwa zaidi ya miaka arubaini, si mume wangu alipokuwa hai, si padre. Nilimdanganya Bi Zuhura akiwa ndani ya eda, akimlia mumewe, mwanamke aliyenifundisha kila kitu mpaka kukunja mkeka. Kila Idi nilimpelekea mkungu wa ndizi Malindi, na kila Idi nilijiambia, leo namwomba radhi. Akinionyesha kiti, "Kaa pale pako, Dama, unywe chai kwanza," nami nakaa, nakunywa, naaga. Sikumwomba. Sasa yuko chini ya mchanga, na koti limenifuata lenyewe mpaka mlangoni.

Aliyezifungua zile leso ni mjukuu wangu Mbeyu, na Mbeyu mimi simtaji kwa sauti ndogo. Amesomea Nairobi kutengeneza filamu. Jirani yangu mmoja aliwahi kuniuliza, "Na sinema nayo inasomewa, mama?" Nikamwambia inasomewa miaka mitatu, na kwenu hakuna aliyeimaliza. Mbeyu alikuwa nyumbani mwezi mzima akitayarisha filamu yake ya kwanza, ya kutisha, na kwa ajili ya filamu hiyo alizunguka Muyeye nyumba kwa nyumba na Malindi yote akitafuta televisheni ya kale, ile ya sanduku la mbao, miguu minne, kioo kimetuna kama tumbo la mja mzito. Alipoiona hii alipiga magoti. "Hawe!" akasema, maana ndivyo wajukuu wanavyoniita, "Hawe, umekaa na watu wenye hii miaka yote na hukuniambia?" Nikamwambia, "Ulinisalimu asubuhi hukuniuliza habari ya televisheni, uliniuliza habari ya mgongo." Akacheka. Tuliitia umeme ili tuone. Ilinguruma kidogo, ikatoa harufu ya vumbi linalochomeka, harufu ambayo pua yangu iliijua kabla yangu mimi, kisha ikanyamaza. Mbeyu hakujali. Alisema yeye anataka kioo tu, picha anayo mwenyewe.

Ndipo nikajua kazi ya mjukuu wangu. Alinikalisha mbele ya kompyuta akanionyesha namna anavyoichukua picha nzuri, safi, unaona hata jasho puani, halafu anaiharibu. Anaitoa rangi. Anaikata pembe. Anaitia mistari na chenga, zile punje zinazocheza kiooni. "Sisi tulikonda tukitafuta picha safi," nikamwambia, "wewe umesomeshwa kuichafua?" Akanieleza kwamba filamu za kutisha siku hizi zinaipenda sana sura ya televisheni ya zamani. "Picha safi haimtishi mtu, Hawe. Ukishaona kila kitu, utaogopa nini? Picha ya zamani inakuficha nusu. Nusu iliyobaki unaijaza wewe na roho yako." Neno hilo lilinikaa. Lakini kazi yenyewe, nasema ukweli, ilikuwa na makosa, nami si mtu wa kumsifu mtoto kwa kazi ya makosa. Chenga zake zilinyesha kama mvua, toka juu kwenda chini. Chenga za kweli hazinyeshi, zinachemka, kama wali maji yakikaribia kukauka. Mistari yake ilipita sawasawa kama imepigwa rula. Picha yake iliwaka mara moja tu, pap! Nikamwambia, "Hapana. Kwanza sauti. Unamsikia mtu anaongea gizani, humwoni. Kisha kioo kinapata rangi ya maziwa yaliyotiwa maji. Kisha mtu anakuja kidogo kidogo, bega, pua, kama anatoka kwenye ukungu. Na ukizima hapotei. Anasinyaa, anakuwa nukta moja nyeupe katikati, na nukta inakutazama mpaka unachoka wewe. Na ukipitisha mkono karibu na kioo, malaika ya mkono yanasimama." Mbeyu aliandika yote. Akauliza, "Na rangi ilikuwa nyeusi na nyeupe?" Nikamwambia, "Nani kakudanganya? Ilikuwa buluu. Buluu ya maziwa. Ukisimama nje ukaona dirisha la buluu, unajua nyumba hii inayo."

Tukaenda vizuri hivyo mpaka nikamuuliza filamu inahusu nini. Akasema, mjane mmoja yuko peke yake nyumbani. Televisheni imezimwa. Anakitazama kioo cheusi, na ndani yake anamwona mwanamume amekaa kitini nyuma yake. Anageuka, kiti kitupu. Anapiga ukelele. Mikono yangu ikaacha mbaazi. "Hadithi hii umeitoa wapi?" Akanitazama kama nimerukwa na akili. "Kwako! Si ulikuwa ukitutisha nayo tukikataa kulala? Bi Zuhura wa Malindi alimwona mumewe aliyekufa ndani ya televisheni." Ni kweli. Niliwaambia hivyo. Mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu, niliugeuza uongo wangu kuwa hadithi ya watoto, na sasa mtoto amekua, amesoma, anataka kuupeleka uongo huo ulimwenguni na kumpigisha mayowe mwanamke niliyemzika juzi. "Bi Zuhura hakupiga ukelele," nikasema. "Hawe, ni filamu ya kutisha, lazima apige." "Hakupiga!" Nikapandisha sauti mpaka kuku wakaondoka mlangoni. Mbeyu akafunga kompyuta yake taratibu. "Basi nieleze alifanya nini," akasema. Nami nikamweleza mwaka ule, kama ninavyoueleza hapa.

Nilikuwa na miaka kumi na sita, na nilikaa kwa Bi Zuhura na Bwana Athmani katika nyumba yao ya mawe Malindi mjini, ile yenye ua wa ndani na kisima kilichofunikwa. Nilikuna nazi, nilikamua tui, nilifagia, niliosha vyombo, na jioni nililala chumba cha stoo chenye harufu ya vitunguu, harufu ninayoipenda hata leo. Mwaka ulianza vizuri kwa sababu Bwana Athmani alinunua televisheni. Alikuwa mshonaji nguo aliyestaafu, mwembamba, upara wake umefunikwa na kofia saa zote, mtu wa maneno machache. Lakini televisheni ilimgeuza mtoto. Tatizo ni kwamba picha ilitoka mbali, Mombasa, na kufika Malindi ilikuwa imechoka. Basi akafunga antena juu ya boriti la mkoko refu kupita nyumba, akalisimamisha uani, na boriti hilo likawa kazi yangu. Kila jioni kabla ya matangazo kuanza, mimi nashika boriti nje nalizungusha, Bi Zuhura anasimama dirishani katikati, Bwana yuko ndani mbele ya kioo. Yeye anamwambia mkewe, mkewe ananiambia mimi, na maneno yakinifikia yameshaongezwa chumvi. "Kulia!" anasema Bwana. "Kulia, Dama! Kulia ni upande unaolia chakula, umesahau?" anasema Bi Zuhura. "Amepita!" "Umepita, mwanangu, rudi, unakwenda Lamu!" Kisha ghafla sauti ya Bwana mwenyewe, ya furaha, kama mtu aliyeona jamaa yake sokoni: "Hapo hapo! Usitikisike!" Nami nasimama na boriti langu sitikisiki, mbu wananila, jicho moja dirishani. Habari zote za mwaka ule nilizitazama nikiwa nje.

Majirani walijaa. Walikuja na mito yao na watoto wao, na Bi Zuhura aliwapikia kahawa na mkate wa sinia, na wote walibishana na televisheni kana kwamba inasikia. Wanawake walimwogopa msomaji wa habari. Alikuwa kijana wa suti na tai, na macho yake hayakubanduka. "Nimehamia huku pembeni, bado ananitazama," alisema jirani mmoja akijifunika. Bi Zuhura hakuwahi kukaa mbele yake bila mtandio. "Akisema hamjambo, nimjibu au nisimjibu?" aliuliza. Bwana Athmani akasema, "Hakuoni, Mama Saidi." "Umejuaje hanioni? Mimi si namwona?" Bwana akaongeza sauti ya habari. Sijui leo wangapi wanaweza kulijibu swali hilo. Mbeyu niliposimulia hapa alicheka mpaka akalala chini, kisha akainuka akasema, "Hawe, hiyo ndiyo hofu yenyewe. Kwamba kile unachokitazama kinakutazama." Nikamwambia hatukuita hofu. Tuliita adabu.

Masika yalipoanza Bwana Athmani alipata kikohozi. Alikuwa haniachii boriti siku za mvua, analishika mwenyewe amevaa koti lake la kijivu, akisema msichana haloweshwi kwa ajili ya habari. Kikohozi kikashuka kifuani. Wiki tatu tu. Alipozikwa, Bi Zuhura aliingia eda, miezi minne na siku kumi, nguo zisizo na rangi, hakuna wanja, hakuna kutoka, na hakuna mwanamume asiye maharimu yake atakayemwona. Na jambo la kwanza alilofanya, kabla hata ya kuvunja matanga, ni kuchukua leso akaifunika televisheni. Wageni walidhani ni kwa sababu ya msiba. Mimi nilijua. Ni kwa sababu ya yule kijana wa habari. Alikuwa mwanamume, hakuwa ndugu, na macho yake hayabanduki. Lakini hakusema iuzwe, hakusema itolewe. Na jioni ya saba aliniambia kwa sauti ya mtu aliyelala, "Iwashe." Nikaiwasha chini ya leso. Maua mekundu ya leso yakawaka, na nyuma ya maua uso wa msomaji wa habari ukapita kama mtu aliye chini ya maji, hana macho. Bi Zuhura alikaa mkekani akasikiliza. Nikaenda uani nikashika boriti, kwa mazoea. Nikazungusha. Hakuna aliyesema kulia wala kushoto. Nikasimama pale nikisubiri kuambiwa hapo hapo, kwa picha ambayo hakuna anayeitazama, mpaka habari zikaisha.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa wiki baada ya wiki. Tatizo kubwa halikuwa televisheni. Tatizo ni kwamba Bi Zuhura aliacha kula. Nilimpikia samaki wa kupaka, akagusa nyama kwa kidole kama anaangalia kama bado moto. Nilimpikia uji wenye pilipili manga, ukaganda. Chai ya magharibi alimimina vikombe viwili, akavitazama vyote viwili, vikapoa. Mikono yake ikaanza kuonyesha mifupa. Saidi, wakati huo kijana mwenye duka lake na hasira zake, alikuja siku moja nikawasikia kupitia dirisha la jiko. "Mama, watu wanasema. Nyumba ya eda inalia televisheni!" Nikasikia anagonga sanduku lake. "Nitaichukua. Na huyu msichana arudi kwao, hakuna kazi hapa, hata kukulisha hajui." Bi Zuhura hakujibu neno. Nikaiweka nazi chini. Sikuogopa kurudi kwetu, kwetu kuzuri. Niliogopa kwamba nikiondoka, huyu mama atakufa na kikombe cha pili mkononi, na kosa litakuwa langu kwa sababu sikujua kumlisha.

Siku mbili baadaye, baada ya adhuhuri, upepo na mvua vilikuja pamoja vikalilaza boriti. Nilitoka nikalisimamisha, nikalifunga upya kwa kamba, nikarudi nimelowa mpaka mifupani, meno yanagongana. Ukumbi ulikuwa giza, madirisha yamefungwa kwa sababu ya mvua, upenyo mmoja tu wa nuru. Bi Zuhura alikuwa chumbani kwake, nilidhani amelala. Koti la Bwana lilikuwa msumarini pale pale. Nguo zake nyingine zote zilitolewa sadaka, koti Bi Zuhura alilizuia. Sikufikiri. Nilikuwa na baridi. Nililivaa, nikakaa kwenye kiti cha Bwana nikajikunja. Nikasema nikipata joto kidogo nalirudisha. Ndipo mlango wa chumbani ukafunguka. Bi Zuhura akapita kichwa chini, hakutazama upande wangu, akakaa mkekani mbele ya televisheni akinipa mgongo. Televisheni ilikuwa imezimwa, yule kijana hayumo, basi akaivua leso ili akifute kioo vumbi. Akafuta mara moja. Akafuta mara mbili. Mkono ukasimama. Kutoka kitini nilikuwa naona mgongo wake na utaji wake mweupe ndani ya kioo, basi. Lakini nilijua anaona nini. Anaona ukumbi wake, mdogo, umejipinda kama ndani ya tone la maji, na nyuma yake kiti, na kitini mtu mwenye koti la kijivu.

Nilitaka kusema ni mimi. Ulimi ulikataa. Kisha yeye akasema, polepole, bila kugeuka, "Umekuja."

Nikavuta miguu yangu ndani ya koti.

"Usiseme kitu. Kaa tu hapo." Akaendelea kukifuta kioo pembeni pembeni, mahali pasipo na vumbi. "Umelowa. Na kifua hicho." Nikakumbuka kikohozi cha Bwana. "Nimechoka kupewa pole. Kila anayeingia ananiambia nisubiri. Nisubiri nini mimi? Chai namimina viwili, mkono haujaambiwa. Na Saidi anataka kuchukua hiki kidude. Si habari ninazozitaka, mimi habari za dunia zanihusu nini? Nyumba hii haina tena mtu wa kusema hapo hapo." Akaigeuza leso upande wa pili. "Na anataka mtoto arudishwe kwao. Mtoto haendi. Mtoto huyu anasimama nje na boriti hata siku ambazo hakuna anayemwita. Namwona kupitia dirishani. Sijamwambia ahsante. Mdomo wangu umekuwa mzito, na nikimwambia uso kwa uso atalia, nami nitalia, na nikianza sijui nitaachia wapi. Basi nakwambia wewe. Akae hapa mpaka mwenyewe atakapotaka kwenda." Akaikunja leso mara nne, akainuka, akapita tena kichwa chini, na mlango wa chumbani ukafungwa.

Nililivua koti kama linaniunguza. Nililitundika likiwa na maji, likadondosha sakafuni matone ambayo nilipiga magoti nikayafuta kwa sketi yangu. Na jioni ile Bi Zuhura alikula. Wali sahani nzima, na samaki, akanyonya mifupa ya kichwa. Saidi alipokuja alimjibu kwa sauti niliyokuwa nimeisahau, sauti ya kuita dirishani: "Mtoto haendi, na kidude hakiendi, na wewe ukitaka chakula nawa mikono." Na saa ya habari, leso ikiwa juu ya televisheni, mimi nikiwa uani na boriti langu, nikasikia kwa mara ya kwanza mwanamke akiita kutoka ndani, "Hapo hapo! Usitikisike!" Picha haioni. Aliita tu. Nililishika lile boriti nikalia kwa kamasi. Watu watasema mambo yalikwenda vizuri, sasa kosa liko wapi? Kosa liko hapa. Mjane alimfungulia mumewe moyo, na aliyekuwa ndani ya koti ni mfanyakazi wa jikoni. Nilisikia maneno ya mke na mume. Nilikula furaha iliyojengwa juu ya udanganyifu wangu, nikakaa nyumba ile mpaka nilipoolewa, na kila aliponipa kitu kizuri nilisema moyoni, angejua.

Mbeyu alisikiliza yote bila kuandika. Nilipomaliza hakusema pole, namshukuru. Alisema, "Hawe, twende tukajaribu." Ndivyo alivyo. Akiguswa anafanya kazi, na hilo alilitoa kwangu. Tuliiweka televisheni ukutani kwangu, kiti changu cha mikono nyuma hatua nne, mkeka katikati, kama ilivyokuwa. Akafunga madirisha, akaacha upenyo. Mchezaji wake, mwanamume atakayeigiza yule mume aliyekufa, alikuwa hajafika kutoka Malindi. "Nitakaa mimi," akasema. "Wewe kaa mkekani kwa Bi Zuhura, uniangalizie kama kioo kinatisha." Akalivaa koti. Nikajifunika leso kichwani kwa sababu ya vumbi, nikajishusha mkekani, magoti yakalalamika. Nikakifuta kioo. Mara moja. Mara mbili.

Mkono wangu ukasimama.

Ukumbi ulikuwamo ndani, mdogo, umejipinda. Kiti kilikuwamo. Na kitini alikaa Mbeyu. Hakuwa kivuli, hakuwa mwanamume. Alikuwa Mbeyu kabisa, miguu mitupu imekunjwa chini ya koti, mikono imemezwa na mikono ya koti, rasta zake zimesimama kila upande. Ningemjua hata kama ningekuwa na jicho moja lenye mtoto wa jicho. Mwaka ule mimi nilikuwa na misuko minne iliyosimama kama pembe za mbuzi, na nilikuwa mwembamba vile vile, na miguu yangu ilikuwa na matope ya uani. Bwana Athmani alikuwa na upara na kofia. Nikayakumbuka maneno moja moja, kama mtu anayetoa vyombo kabatini. Umelowa. Aliyekufa halowi na mvua. Na kifua hicho. Kifua kilikuwa changu, meno yalikuwa yanagongana chumba kizima kinasikia. Alipita mbele ya kiti mara mbili hakugeuza kichwa, mwanamke aliyeweza kuona sisimizi kwenye sukari. Nikimwambia uso kwa uso atalia. Basi nakwambia wewe. Hakukuwa na mume aliyeambiwa, aliyeambiwa nilikuwa mimi. Kaa pale pako, Dama, kila Idi, na kidole kikinionyesha kiti kile kile, na mimi nakaa na ndizi zangu na aibu yangu, miaka arubaini na zaidi, nikisubiri kumwambia jambo ambalo yeye alilijua tangu siku ile.

Mbele ya Mbeyu, ndani ya kioo, karibu kabisa, kulikuwa na mwanamke mzee aliyejifunika leso. Nilimtazama. Naye alinitazama, macho yake hayakubanduka.

"Hawe?" Mbeyu akaita kutoka kitini. "Mbona umenyamaza? Inatisha? Nigeuke?"

"Hapo hapo," nikamwambia. "Usitikisike." Kisha nikakisogelea kioo mpaka pumzi yangu ikaacha ukungu juu yake, nikasema ahsante.